Ngozi ya Macho Inapokauka: Chanzo Hutafutwa Wapi?

Kisa hiki si cha mtu mmoja, ndiyo maana hakina jina. Mama anaingia duka la dawa, iwe ni Base Camp katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, au chini ya kilima cha Nyamitanga mjini Mbarara. Kope zake zimekauka, zinabanduka vigamba vyembamba kama unga wa muhogo, na usiku zinamwasha hadi anakosa usingizi. Muuzaji anamtupia jicho mara moja, anamkabidhi tyubu ya krimu. Siku ya tatu ngozi imelainika na mama anashukuru. Wiki ya tatu yuko pale pale, na safari hii wekundu umeteremka hadi mashavuni. Anapewa tyubu nyingine, kali kuliko ya kwanza.

Hapo hakuna aliyedanganya. Krimu ilituliza ilichotakiwa kutuliza. Lakini hakuna aliyeuliza ngozi inalalamikia nini, na kila tyubu mpya imelifanya swali hilo liwe gumu zaidi kujibika. Nitajaribu hapa kulirudisha mahali pake, mwanzoni kabisa, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwanza tuijue ngozi yenyewe. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini, yapata nusu milimita tu. Inakunjwa na kukunjuliwa mchana kutwa, na tunaigusa mara nyingi bila kujijua: tukiwa na usingizi, tukiwa na jasho, tukiwa na mawazo. Kitu ambacho kiganja cha mkulima hakikihisi na utosi unakivumilia, kope inaweza kukipigia kelele. Ndiyo sababu mtu hupaka kitu kwenye kucha au nyweleni, kucha na nywele zikabaki salama, na macho ndiyo yakavimba. Anayekagua kope peke yake anamhoji aliyeibiwa na kumwacha mwizi apite.

Halafu kuna neno lenyewe, wekundu. Picha nyingi za vitabu vya tiba zilipigwa kwenye ngozi nyeupe, ambako uvimbe wa ngozi huonekana mwekundu waziwazi. Kwa watu weusi hali ileile huja kwa rangi nyingine: weusi wa kijivu, zambarau iliyofifia, au ngozi inayong'aa na kukakamaa. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari jijini London, Malone Mukwende, pamoja na walimu wake, alitoa kijitabu kiitwacho Mind the Gap kuonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia, kwa sababu yeye mwenyewe darasani alikuwa hafundishwi namna zinavyoonekana kwa watu wa rangi yake. Jambo hili lina uzito Nakivale kama London. Mtu anayesubiri kuona wekundu anaweza kusubiri hadi ngozi imeshakuwa nene. Ugonjwa ukiisha, huacha nyuma duara jeusi linalokaa miezi mingi, na duara hilo si ugonjwa tena, ni kovu la rangi linalofifia polepole. Ila anayejitazama kwenye kioo hasemi hivyo. Anasema: nitafute kitu cha kung'arisha. Tutarudi kwenye sentensi hiyo, maana huko ndiko wengi wanakopotelea.

Sasa tuyatazame mazingira. Nakivale ilifunguliwa 1958 kwa wakimbizi kutoka Rwanda, na leo ina zaidi ya watu 150,000: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Iko wilaya ya Isingiro, katika ukanda wa wafugaji wenye mvua haba. Januari na Februari, kisha Juni hadi Agosti, barabara za udongo hugeuka vumbi jekundu, na kila pikipiki inayopita huacha wingu. Nyumba nyingi hupikia kuni kwenye mafiga matatu, na anayepika ndiye anayeinama juu ya moshi asubuhi na jioni. Mche mmoja wa sabuni hufua nguo, huosha masufuria na kunawia uso. Sabuni ya namna hiyo ni ya alkali, yenye pH 9 au 10, wakati ngozi yenye afya huwa karibu na 5. Moshi, vumbi, sabuni na hewa kavu havihitaji mwili wa mtu uwe na tatizo lolote. Vikizidi, vitamkwaruza yeyote.

Muwasho wa aina hii una alama zake. Huja upesi, huchoma zaidi ya kuwasha, na hupungua mtu anapotoka kwenye kile kinachomchokoza. Mama akikaa wiki moja kwa ndugu yake Nyamitanga anayepikia mkaa nje ya nyumba, macho yakatulia, kisha akarudi Nakivale yakaanza tena, ameshapata nusu ya jibu bila kumlipa mtu. Tiba nayo ni ya bei ya chini kuliko zote: maji matupu usoni badala ya sabuni ya kufulia, vazelini isiyo na manukato mara mbili kwa siku, na kuhamisha mafiga yakae mahali ambapo upepo unachukua moshi upande wa pili. Nimeanza na hili kwa makusudi. Katika mazingira kama haya ni haki lijaribiwe kwanza.

Lisipofaa, tunaingia kwenye mzio, na hapa upelelezi unakuwa kazi kweli.

Mzio wa ngozi una tabia mbili zinazowapoteza watu. Ya kwanza ni kuchelewa. Ngozi haijibu papo hapo. Hujibu baada ya siku moja, mbili au tatu. Aliyepaka kanta, ile rangi ya nywele, Jumamosi jioni kwa ajili ya harusi huamka Jumatatu macho yamefumba, akalaumu samaki wa harusini. Tabia ya pili ni kwamba mzio hujengwa. Mtu hutumia kitu miaka kumi bila shida, kisha siku moja mwili unakikataa, na kuanzia hapo hausahau. Kwa hiyo lile jibu ambalo kila mganga wa ngozi amelisikia, kwamba hiki siwezi kukilaumu kwa sababu nimekitumia tangu ujana, halimwondolei mtuhumiwa hatia. Swali lenye faida ni jingine: kuna nini kipya, na kuna nini cha zamani ambacho kiwanda kimebadilisha?

Wengi hawaamini nikitaja rangi ya kucha, lakini ni mtuhumiwa wa kale. Kucha ni ngumu na ngozi ya vidole ni nene, kwa hiyo havionyeshi kitu. Kidole kinapopita juu ya kope rangi ikiwa haijakauka vizuri, huacha alama huko. Kucha za kubandika zimeongeza tatizo, kwa sababu gundi na jeli zake zina kemikali za jamii ya akrilati. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilitoa onyo la wazi kuhusu mzio unaotokana na kucha hizo. Gundi ya kope za bandia nayo ni ya jamii iyo hiyo, ila hiyo angalau hupakwa pale pale inapodhuru.

Kanta nyeusi nayo ina kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Hiyo ndiyo mara nyingi iliyomo pia kwenye piko, ile hina nyeusi inayoshika haraka mikononi mwa maharusi kuanzia Mombasa na Zanzibar hadi mitaa ya Wasomali kambini. Hina halisi ya majani hutoa rangi ya kahawia nyekundu na ni nadra kumdhuru mtu. Kinachodhuru ni kile kilichotiwa ndani yake ili iwe nyeusi kwa dakika chache. Msichana aliyetoka malengelenge mkononi kwa piko akiwa na miaka 15 anaweza kupaka kanta akiwa na miaka 40 na kuvimba uso mzima, na asiunganishe matukio hayo mawili kamwe. Fundi wa saluni aliye makini angemwuliza. Kuhusu wanja, baadhi ya wanja wa unga una madini ya risasi, lakini ubaya wa risasi haupo kwenye upele. Upo kwenye ubongo wa mtoto anayepakwa. Ni kesi nyingine, na ni nzito kuliko hii.

Mtuhumiwa asiyedhaniwa kabisa ni dawa ya macho yenyewe. Matone yenye neomisini au gentamisini, na hata kihifadhi kinachowekwa kwenye chupa nyingi za matone, kiitwacho benzalkoniamu, vinaweza kuzua ukurutu. Ishara yake ni mahali ulipoanzia: pembe ya ndani ya jicho na kope ya chini, njia ambayo matone hutiririkia. Mgonjwa huongeza matone kwa sababu jicho limezidi kuwa baya, na jicho huzidi kuwa baya kwa sababu ya matone.

Kipimo kinachothibitisha mzio wa aina hii kina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1895 daktari Josef Jadassohn alionyesha kwamba mgonjwa aliyedhurika na zebaki angeweza kujulikana kwa kubandikwa dutu hiyo kwenye kipande kidogo cha ngozi na kungoja. Njia ni ile ile hadi leo: viraka vidogo mgongoni, saa 48, kisha kusomwa, na kusomwa tena baada ya siku moja au mbili. Kipimo hicho hakipatikani katika kila kituo cha afya, lakini yupo mdogo wake wa nyumbani. Paka krimu au losheni unayoishuku ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili, mahali palepale. Pakiwasha na kuota vipele, acha, umempata. Usifanye hivyo kwa kanta, dawa ya kulainisha nywele, sabuni wala kitu chochote cha kuoshwa baada ya kupakwa. Hivyo vitaunguza ngozi ya yeyote, na havitakuwa vimethibitisha lolote.

Upo uchunguzi mwingine usiohitaji chochote ila kioo na mwanga wa mchana. Tazama ni wapi pamepona. Jua hupiga paji la uso, pua na mashavu, likaacha kope za juu, chini ya kidevu na nyuma ya masikio, kwa sababu sehemu hizo zina kivuli. Kitu kinachoruka hewani hakijali kivuli: huingia kwenye mikunjo ya kope, chini ya kidevu na nyuma ya masikio vilevile. Ukiona sehemu za kivuli zimeathirika, fikiria moshi, vumbi la kupura mahindi na maharage, saruji, dawa ya kupe inayopuliziwa ng'ombe, au magugu. Miongoni mwa magugu lipo moja ambalo watu wa Arusha huliita gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe. Lilitoka mabara ya Amerika, limeenea Afrika Mashariki kufuata barabara na malisho, na Uganda limeshafika. Huko India, ambako lilitangulia, linajulikana sana kwa kuleta ukurutu wa uso na kope kwa wakulima. Anayeling'oa bila glavu kisha akafuta jasho machoni anajiwekea miadi na daktari.

Msimu wa mvua una mtuhumiwa wake pekee. Ni mdudu mwembamba kama punje ndefu ya mchele, mwenye mikanda myeusi na ya rangi ya chungwa, ambaye Wakenya humwita Nairobi flai ingawa si nzi bali ni jamii ya mbawakawa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimwongeza kupita kiasi. Haumi wala hadungi. Hufuata taa usiku, hutua shingoni mwa mtu, naye mtu humponda kwa kiganja, na sumu iliyo katika damu yake ndiyo huunguza. Jeraha huonekana kesho yake au keshokutwa, mara nyingi kama mstari uliochorwa, likiambatana na kope iliyovimba kwa sababu kiganja kile kile kilifikicha jicho. Ngozi iliyoungua kwa mstari, ghafla, upande mmoja, haihitaji kisa kirefu. Mpulize aende, nawa kwa sabuni.

Yako pia yanayotoka ndani ya mwili. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, ambaye mikunjo ya viwiko na magoti huwasha tangu uchanga, hupata ukurutu wa kope kama sehemu ya ugonjwa huo huo. Mtoto mwingine macho yenyewe ndiyo yanayowasha, weupe wa jicho umegeuka kahawia, naye hufikicha siku nzima. Ngozi yake imekuwa nene kwa kufikichwa, ila kinachohitaji tiba ni jicho. Mba ya kichwani hushuka kwenye nyusi, kando ya pua na mashina ya kope, ikiwa na vigamba vya mafuta. Ikimjia mtu mzima kwa nguvu isiyo ya kawaida, kupima virusi vya Ukimwi ni busara. Upele wa kambi, ule unaowasha usiku katikati ya vidole, kwa watu wazima kwa kawaida hauparamii uso. Ukiuona machoni tu, sio huo.

Chakula nacho kisisahaulike. Mwaka 1990 nchini Malawi, zaidi ya wakimbizi 18,000 wa Msumbiji waliugua pelagra, ugonjwa unaokausha na kuchubua ngozi iliyopigwa na jua: uso, shingo, mikono. Hakuna aliyewapaka kitu. Karanga zilikuwa zimekatika kwenye mgao, wakabaki na mahindi, na karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini, vitamini ambayo mahindi hayaitoi vya kutosha. Mgao nchini Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020. Sisemi kwamba pelagra ipo Nakivale. Nasema kwamba daktari wa kambi anayeona ngozi kavu usoni na mikononi pamoja, yenye mpaka wazi pale jua linapoishia, na hasa mgonjwa akiwa anaharisha, ana haki ya kuuliza: jana ulikula nini?

Sasa turudi kwa mama wa dukani na ile hamu ya kung'arisha.

Krimu inayotuliza kila kitu kwa siku tatu karibu kila mara ina steroidi. Nyingine huuzwa kama dawa ya mchanganyiko, ndani yake mna betamethazoni, gentamisini na dawa ya fangasi kwa pamoja, yaani mishale mitatu ya mpigaji aliyefumba macho. Nyingine huuzwa kama ya urembo: mkorogo wenye klobetasoli, steroidi iliyo kali kuliko karibu zote, pengine pamoja na haidrokwinoni au zebaki. Juu ya ngozi ya nusu milimita, dawa hizo hupenya kwa urahisi. Hupunguza unene wa ngozi, hutokeza mishipa, huzaa vipele vidogo kuzunguka macho na mdomo, na zikitumika kwa muda mrefu karibu na jicho zinaweza kupandisha presha ya jicho au kuleta mtoto wa jicho. Presha ya jicho haiumi. Huiba uwezo wa kuona kimya kimya.

Hasara ya pili haitajwi sana, nayo kwangu ndiyo kubwa: steroidi hufuta ushahidi. Mzio wa kanta, moshi wa kuni, mba, fangasi na upele wenyewe, vyote hutulia au hubadilika sura chini yake. Mgonjwa anapofika kwa mtaalamu baada ya miezi minne ya tyubu, daktari anaona uso mmoja tu, uso wa steroidi, na hana tena namna ya kujua mwanzo ulikuwaje. Akiambiwa aache krimu, uso huwaka moto kwa majuma kadhaa, na mgonjwa huona hilo kama uthibitisho kwamba krimu ndiyo iliyokuwa dawa. Duara hilo limefungwa vizuri: ugonjwa huacha weusi, weusi huleta mkorogo, mkorogo huleta ugonjwa. Anayelikata ni yule anayevumilia weusi ule wa kwanza.

Sisemi steroidi ni sumu. Steroidi nyepesi, kwa siku chache, kwa maelekezo ya mtu aliyeshajua anachokitibu, ni dawa njema. Kinyongo changu ni kwamba imefanywa iwe swali badala ya kuwa jibu.

Kazi hufanywa kwa kutoa, haifanywi kwa kuongeza. Majuma mawili hadi manne uso haupati kitu ila maji na vazelini. Kucha zinaachwa tupu, nywele zinaachwa na rangi ya Mungu, wanja unawekwa kando. Ngozi ikipona, vitu vinarudishwa kimoja kimoja, kila kimoja kikipewa wiki nzima. Ni kazi ya subira, na najua subira ni ghali kwa mtu ambaye kesho ana usaili wa kazi au harusi. Matone ya presha ya jicho, au dawa yoyote aliyoandikiwa na daktari, mtu asiache bila kumwuliza.

Tatizo jingine ni kujua mlango wa kubisha, maana kope iko mpakani mwa madaktari wawili. Weupe wa jicho ukiwa umeiva, kukiwa na matongotongo, mwanga ukiumiza au kuona kukififia, ni mlango wa macho, na hospitali ya Ruharo ya Kanisa la Uganda mjini Mbarara ina jina kwa kazi hiyo. Jicho likiwa safi lakini vipele vipo pia nyuma ya masikio, kichwani au kwenye viwiko, ni mlango wa ngozi. Kutoka Nyamitanga unavuka mto Rwizi kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambako Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinafundishia. Eneo hili halina madaktari wa ngozi wa kutosha, na hata hivyo si wote wanaojua ngozi ni madaktari: tangu 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa kawaida kutoka nchi nyingi za Afrika kazi hii hii.

Yako mambo machache yasiyongoja majuma mawili wala siku mbili. Malengelenge upande mmoja wa paji la uso yakishuka hadi ncha ya pua ni mkanda wa jeshi unaolinyemelea jicho. Kope iliyovimba ikiwa na homa, na jicho likiuma linapogeuzwa, ni maambukizi yaliyozama. Kope za zambarau kwa mtu ambaye ghafla hawezi kuinua mikono kuchana nywele si ugonjwa wa ngozi peke yake. Kidonda cha kope kisichopona, kilichoangusha nywele za kope, kikatwe kipande kipimwe. Wenye dalili hizo waende hospitali leo.

Na wewe unayekwenda keshokutwa, chukua mfuko. Tia ndani kila kitu kinachogusa uso, nywele na vidole vyako: sabuni, losheni, kanta, rangi ya kucha, matone, dawa ya kienyeji, tyubu zilizokwisha na zisizokwisha. Tia na lile kopo lisilo na lebo ulilopimiwa sokoni, hata kama unaona haya kulionyesha.